Picha Sita za Mama Rehema

Kwenye arobaini ya Bi Zaituni, kule Kisarawe, nilikula pilau nikashiba na bado hasira haikushuka. Tulikuwa wanawake watupu tumejaa sebuleni kwake, tumekunja miguu juu ya mikeka, na kila aliyefungua mdomo alimsifu. Alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Alikuwa anaweka siri. Alikuwa hamsingizii mtu. Hapo kwenye hamsingizii mtu ndipo nilipoweka sahani chini. Mwanangu Nasra, ana miaka minane na sauti ya mnadani, akauliza, "Mama, mbona umenuna?" Nikamwambia ale. Mungu amrehemu Bi Zaituni, alinifundisha kazi na alinilisha, hilo silikatai. Lakini nimechoka. Miaka yote hii nimebeba kosa ambalo si langu, na aliyenitwisha ndiye huyo tuliyekuwa tunamsomea dua. Upande wa pili wa sebule, chini ya dirisha, alikaa Rehema, ambaye kwa sababu ya kosa hilo hajanipa salamu tangu nikiwa na mimba ya huyu mtoto. Alinitazama mara moja tu, akageuza uso kama aliyeona mdeni wake.

Ya kwetu sitaeleza, wala aliyenipa mimba simtaji. Hawakunifaa mwaka ule na hawatanifaa humu. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, cheti changu kiko kwenye mfuko wa nailoni na hakuna aliyekitaka. Rehema tulisoma naye dawati moja, na ni yeye aliyenipeleka Kisarawe wiki moja baada ya Idi, kwa Bi Zaituni, shoga wa damu wa mama yake. "Shangazi, huyu hana kazi lakini ana akili," alimwambia. Bi Zaituni akanitazama kuanzia miguuni. "Akili zipo nyingi. Anajua kunyamaza?" Rehema akacheka, mimi nikanyamaza, nikapata kazi. Sasa nikikumbuka swali lile natamani ningelijibu vingine.

Studio yake ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha picha za paspoti, kamera ya kisasa, kitambaa cha bluu ukutani, na kioo ambacho watumishi wa ofisi za wilaya walijitengenezea tai zao. Cha nyuma hakikuwa na dirisha, kina mapazia mazito mawili mlangoni, na ndicho kilichokuwa kinamlisha. Watu hunicheka nikisema kwamba juzi juzi tu hapa, kila mtu akiwa na simu mkononi, sisi tulikuwa tunapiga picha kwa mkanda wa filamu, nyeusi na nyeupe, tunasafisha wenyewe kwa maji na dawa. Wanacheka kwa sababu hawajawahi kukusanywa simu mlangoni. Kwenye singo ya kumsugua mwali kabla ya harusi, kwenye shughuli za wanawake watupu, bi harusi yuko kichwa wazi na mabega wazi, mashangazi wanacheza walivyozaliwa nusu, na picha moja ikiponyoka kwenye simu, jioni imeshafika kwenye magrupu ya shemeji zake. Kwa hiyo anasimama mama mmoja na ndoo mlangoni: tumbukiza simu, ingia. Bi Zaituni ndiye aliyeona nafasi. Mkanda haurushwi. Anaupiga mwanamke, anausafisha mwanamke, anachapa mwanamke, na negativu zote anakabidhiwa mwenye shughuli ndani ya bahasha, imeisha. Mkanda wa rangi ungelazimika kwenda mjini kwenye mashine za wanaume. Mweusi na mweupe ulimalizikia chumba cha nyuma.

Nilikipenda kile chumba. Naandika hivyo kwa uchovu, lakini ni kweli. Maji ya Kisarawe kwenye pipa yalikuwa ya moto kuliko dawa inavyotaka, kwa hiyo tulinunua barafu za ubuyu kwa jirani, zile za kwenye vifuko, tunazipanga kwenye beseni kuzunguka chombo cha kusafishia, na mkanda ukishatoka tunazila. Kila nikinusa dawa ile hadi leo mdomo unatoa mate ya ubuyu. Mchana tulikaa kwenye vigoda nje ya pazia na muhogo wa kuchemsha na chai ya mkandaa isiyo na maziwa, na yeye ananifundisha huku anatafuna. "Kwenye boksi wameandika spidi ngapi?" Mia nne, namjibu; namba ikiwa kubwa, mkanda unatosheka na mwanga mdogo. "Waongo. Hiyo ni ahadi ya kiwanda. Wao walipima na dawa yao, hujui dawa gani. Anayesema spidi ya mkanda ni dawa utakayousafishia. Dawa yetu hii inachokonoa. Mahali mwanga umegusa kwa ncha ya kidole tu, yenyewe inapaona. Kwa hiyo mkanda huu hapa kwangu ni wa mia tano, na ukipima mwanga pima kwa mia tano." Dawa hiyo ilikuwa ya unga kwenye kopo jekundu. Tuliikoroga tukaitia kwenye chupa kubwa ya kahawia iliyobandikwa plasta, na juu ya plasta ameandika DAWA, basi. Hakuna jina. Ilikuwepo moja tu, jina la nini?

Nilikuwa mzuri. Hili nalo naliandika kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika. Kufikia mvua za vuli nilikuwa najua kumtoa mtu mweusi aliyevaa nguo nyeusi ndani ya chumba cheusi. Watu wanadhani picha inaharibika kwa weupe. Weupe hujitetea wenyewe. Kinachopotea ni upande wa giza: mikunjo ya baibui, tundu la pua, macho ya mtu kama sisi akiwa kaipa dirisha mgongo. Pale hatua moja ya mwanga ni kupata sura au kukosa sura. Mimi nilizoea kwenda mpaka ukingoni, kwa sababu niliijua dawa yangu ingenidaka.

Singo ya Rehema ilikuwa Kongowe ya Kibaha, nyumbani kwao, nami nilikuwa na mimba ya miezi mitano ambayo dera lilikuwa halifichi tena. Mama mmoja aliyenipokea simu mlangoni aliniambia, "Na hilo tumbo nalo lingeachwa kwenye ndoo." Wakacheka. Nikacheka pia, maana nilikuwa kazini. Mama yake Rehema hakutoka chumbani. Alikuwa anaumwa tangu kiangazi, kichwa na macho, hataki taa wala jua, na dirisha lake lilikuwa limezibwa kwa pazia kwa sababu nje wanaume walikuwa wanafunga turubai. Rehema, amekaa kwenye mkeka amepakwa liwa usoni kabaki macho tu, alinishika mkono. "Mwantumu, nipige mimi unavyotaka. Lakini mama nipigie vizuri. Sijui kama nitampata tena hivi alivyokaa." Alisema tena, "Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Nilimkuta mama amekaa pembeni mwa kitanda, baibui jeusi, ushungi mweusi, kikombe cha uji mkononi. Flashi singeweza, ingemuua macho. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniambia nikae kwanza, mjamzito hasimami. Nikampima mwanga usoni. Kipima mwanga kilinionyesha niko ukingoni kabisa: kwa mia tano, lenzi imefunguliwa mpaka mwisho, uso wake ungetoka kwa shida, lakini ungetoka. Nilikwishatoa nyuso za namna hiyo mara nyingi. "Mama, unaweza kugeukia pazia kidogo?" Akasema, "Nikigeuka kichwa kinagonga. Nipige hivi nilivyo, mwanangu, wajukuu wataniona hivi." Nikapiga moja. "Tayari?" Bado, mama. Nikapiga ya pili, ya tatu. "We mtoto, unamaliza mkanda kwa kizee, bi harusi umbakizie nini?" Hapo alicheka, nami nikampiga akicheka, hiyo ilikuwa ya nne. Ya tano alikuwa anakunywa uji. Ya sita alinitazama moja kwa moja, hakucheka, nikajua hiyo ndiyo. Ningejua wakati ule nilichokuja kujua baadaye, ningeegemeza kamera kwenye stuli nikaacha lenzi ipumue kwa muda mrefu zaidi, au ningeomba wanaume wahame nikafunua pazia kidole kimoja. Vyote viliwezekana. Sikufanya kwa sababu hakukuwa na haja. Kwa mia tano alikuwemo.

Nilirudi Kisarawe kesho yake natapika. Bi Zaituni akasema nenda kalale, mkanda wa mtoto wa shoga yangu nitausafisha mimi. Nilishukuru. Siku chache baada ya harusi mama yake Rehema akafariki, na siku ya tatu baada ya kuzika, Rehema akaja studio na kanga mbili za msiba, kuulizia picha za mama. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma nina mkanda wa watu umeshachomoka kwenye kopo lake, sijauvisha chombo, nikifungua pazia tu umeungua. Nilisikia kila neno. Bi Zaituni alimpa pole, akalia naye, kilio cha kweli. Nikasikia bahasha ya picha inafunguliwa, kisha Rehema akauliza, "Mbona humu niko mimi tu? Mama yuko wapi?" Nikasikia Bi Zaituni akivuta pumzi. "Mama yako hakupigwa, mwanangu. Huyu binti alimaliza mkanda kwa mashosti wanaocheza. Unajua tena hali yake, akili zote ziko tumboni." Nikaita, "Rehema! Ngoja!" nikiwa gizani na mkanda wa watu mikononi, kama mjinga, na nilipomaliza kuuvisha na kutoka, alikwisha kwenda. Nilimfuata Kongowe kwenye matanga. Alinikuta kabla sijafika kwenye kibaraza. "Umefuata nini? Nilikuomba kitu kimoja." Nikasema nilimpiga, wallahi, mara sita. Akasema, "Ziko wapi?" Wanawake walewale wa ndoo walikuwa wananitazama.

Jibu nililipata studio, chini ya karo, kwenye boksi la takataka: pakiti ya bluu, tupu. Haikuwa kopo letu jekundu. Niliyasoma maelezo yake mara tatu na Kiingereza changu cha shule. Ilikuwa dawa ya kulainisha. Nikakumbuka kwamba mwezi uliotangulia mteja mmoja wa hela zake alikuwa amelalamika uso wa bi harusi umetoka na punje kama umepakwa mchanga, na Bi Zaituni aliumia sana. Akaitafuta dawa isiyotoa punje, akaikoroga, akaitia kwenye chupa ileile ya kahawia, kwenye plasta ileile iliyoandikwa DAWA, na hakuniambia. Kwake dawa mpya ilikuwa sabuni mpya tu. Rehema alitoka laini kama yai, kwa sababu alikaa karibu na mlango penye mwanga. Lakini dawa ile kulainisha kwake ni kulamba, na inapolamba inaanza na vivuli. Mkanda ule ndani ya dawa ile haukuwa wa mia tano, wala mia nne ya boksi. Wangapi? Nikataka kujua kwa macho yangu.

Nilitundika baibui langu mlangoni, pembeni nikaweka sufuria lenye masizi na sahani nyeupe. Nikapiga mkanda mmoja: kwa mia tano, mia nne, mia mbili, mia moja, halafu nikarudia mpangilio uleule upya. Gizani nikaukata katikati kwa mkasi. Nusu nikaisafisha kwa kopo jekundu, nusu kwa unga wa bluu niliokuta umebaki kwenye pakiti nyingine. Baibui lilelile, mlango uleule, saa ileile. Kwa jekundu, kwenye mia tano mikunjo yote ya baibui ilikuwepo, hata kifungo. Kwa bluu, kwenye mia tano hapakuwa na baibui. Palikuwa peupe, negativu tupu, unaona ng'ambo. Lilianza kuonekana kwenye mia mbili. Nikakata kipande kingine nikakizidishia dakika kwenye bluu, kwa maana nilijua Bi Zaituni atasema kosa ni la dakika tu. Sahani ikazidi kuwaka, baibui likabaki halipo. Kisichoshikwa hakishikiki kwa kuchemshwa zaidi.

Nilimwekea Bi Zaituni vipande viwili juu ya kioo cha taa. Alivitazama muda mrefu, chai yake ikapoa. Alikuwa fundi, hakuhitaji maelezo. "Nilitaka atoke laini," alisema. "Mtoto wa shoga yangu. Nilitaka atoke laini kuliko wote." Nikamwambia, basi mwambie hivyohivyo. Akatikisa kichwa. "Nimemzika mama yake wiki iliyopita. Nimwambie picha ya mwisho ya mama yake nimeimwaga mimi kwenye karo?" "Na mimi?" nikauliza. "Mimi nimwagwe?" Akanishika tumbo, jambo ambalo hakuwahi kufanya. "Wewe bado mdogo, Mwantumu. Yako yatasahaulika." Nimeisikia sentensi hiyo usiku nikinyonyesha, nimeisikia nikifua, nimeisikia nikipanga foleni kliniki. Yako yatasahaulika. Niliondoka Kisarawe siku hiyohiyo, karibu na Ramadhani, na vile vipande viwili nimevibana ndani ya kadi ya kliniki. Mwaka wangu wa studio ukaishia hapo. Nafsi moja inasema alikuwa na huruma, alishindwa tu. Nafsi nyingine inasema alihesabu nani ana jina la kupoteza, akaona mimi sina. Miaka hii nimeacha kuchagua.

Sasa kwenye arobaini, baada ya dua, nilimkuta Rehema bombani ananawa mikono. Sikupanga kusema. Nilikuwa nimechoka kula na kunyamaza mahali pamoja. Nikasema, "Rehema, mama yako nilimpiga." Hakugeuka. "Leo? Hapa?" Nikamwambia ndiyo, hapa, kwa aliyesema sikumpiga. "Bahasha ya negativu unayo?" Akasema iko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, hajawahi kuifungua. "Picha zinatosha. Hizo nyingine sijui kuzisoma." Nikamwambia nakuja kuzisoma mimi. Alifunga bomba. "Njoo kesho. Lakini Mwantumu, ukija kunichezea, nitakutoa mbele ya mtoto wako." Nikasema haki yako.

Tunaishi Kibaha sote wawili, mimi Maili Moja kwenye kibanda cha fotokopi, yeye kwenye nyumba ileile ya Kongowe. Ni mwendo mfupi ambao tumeukwepa miaka yote. Aliniwekea chai na vitumbua chumbani kwa mama yake, bila kunikaribisha kwa maneno. Nasra akala vyote. Nilianza na vipande vyangu, nikavitoa kwenye kadi ya kliniki, nikamwonyesha baibui lipo na baibui halipo, nikamweleza chupa, plasta, kopo jekundu, pakiti ya bluu. Alisikiliza amekunja uso. "Kwa hiyo Shangazi Zaituni..." Hakumalizia, nami sikumsaidia. Kisha nikafungua bahasha. Negativu hukatwa sita sita. Nikapita kipande cha kwanza, cha pili, yeye na liwa yake, yeye anacheka. Cha nne kilikuwa kinang'aa kitupu, na ndicho ambacho mtu yeyote angesema hakijapigwa. Nikakiinua dirishani. "Usitazame katikati," nikamwambia. "Tazama pembeni. Kwenye negativu penye mwanga hutoka peusi. Hapa, huu mstari mweusi ni nini?" Akasogea. "Pindo la pazia." "La wapi?" "La chumbani kwa mama." "Na hiki kiduara?" Akakitazama muda. "Mdomo wa kikombe." Kilikuwa cheusi chembamba, kama mwezi wa siku mbili, na kwenye fremu iliyofuata kilikuwa hapohapo, na iliyofuata, na kwenye ya tano kilikuwa kimepanda juu, mahali ambapo mdomo wa mtu ungekuwa.

Rehema alihesabu kwa kidole bila kugusa. Akarudia kuhesabu. "Sita," alisema. Nikamwambia sita. "Haziwezi kutoka? Hata kidogo? Kwa mashine za sasa?" Ningeweza kumdanganya, na pengine angelala vizuri. Nikamwambia hapana. Dawa ya kwanza ndiyo ya mwisho. Alikaa kitandani, kitanda kilekile, pembeni kulekule. Alisema polepole, "Nilikuwa nasema kila mahali kwamba hukumpiga." Nikasema najua, nilikuwa nasikia. Hakuomba msamaha, na mimi sikuwa na nguvu ya kuudai.

Nasra alikuwa amemaliza vitumbua. Akajipenyeza kati yetu, akachukua kile kipande kwa ncha za vidole kama nilivyomfundisha, akakiinua dirishani, akafumba jicho moja. "Mama, mbona hapa hapana mtu?"

Nilifungua mdomo. Rehema akanitangulia.

"Yupo," alimwambia. "Anakunywa uji. Dawa ndiyo haikumtoa."